Nyimbo Kumi na Nne katika Diski ya Fidla

Mie sina subira, na asiyejua hilo hanijui. Chai ikichelewa kuchemka naiacha jikoni naondoka. Mtu akinipigia simu akaanza habari za nyumbani, habari za watoto, habari za mvua, namwambia hebu sema lililokufanya upige. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, diski ilipoanza kulia tik, tik, tik, sikukaa kuisikiliza mara mbili. Nliruka kitini, nkachomoa waya, nkachomeka, nkachomoa tena, nkaipuliza, nkaipiga kofi dogo la ubavuni. Tik, tik, tik. Kompyuta ikaniandikia kwamba hakuna kilichochomekwa.

"Hakuna vipi?" nkaiuliza, peke yangu chumbani. "Bi Mwanakheri yumo humo!"

Chumba chenyewe ni cha juu, nyumbani kwetu Mkunazini. Nimekibandika magodoro makuukuu ukutani nkakiita studio, na waliocheka wakati ule leo wanapanda ngazi kuja kurikodi. Wengi wao wanawake. Kasida za madrasa, taarabu, mialiko ya harusi, yote nafanya. Wanawake wanapenda kuja kwangu kwa sababu hakuna mwanamme wa kuwakodolea macho wakifungua midomo.

Diski ile ilikuja na programu ya muziki. Nliiagiza Ulaya miaka mitatu nyuma: fidla, selo, ganuni, nai, kila chombo sauti yake ya kweli, unabonyeza kinanda tu unapata kundi zima la wapigaji. Sauti hizo ni kubwa mno, ukisema uzivute kwa mtandao bando linakwisha hata fidla ya kwanza haijamaliza kushuka, ndiyo maana kampuni inazitia kwenye diski inakuletea mkononi. Na ilivyofika! Sanduku jeusi, ndani kitambaa laini, diski imelala katikati kama mkufu wa bibi harusi. Pembeni palikuwa na kikaratasi chenye maandishi madogo. Nkakiacha hapo hapo. Nani ana wakati wa vikaratasi?

Nusu ya diski ilikuwa tupu. Na hapo ndipo balaa langu lilipoanzia.

Bi Mwanakheri ni kungwi wa Makunduchi. Ndiye aliyemweka ndani mama yangu, Mungu amrehemu, na ndiye aliyeniweka ndani mimi nilipokuwa mwari. Namkumbuka kwa nyimbo, lakini zaidi namkumbuka kwa kufinya. Ukikosea kuitikia, anakufinya paja kwa vidole viwili, anazungusha, na ole wako utoe sauti. Mwaka juzi alinipigia mwenyewe. Akanambia amezeeka, wasichana wa siku hizi hawana kichwa cha kushika, anataka nyimbo zake zote kumi na nne zirikodiwe kabla hajafa. Akaja Mjini na mkoba wake mweusi, amejifunga kanga mbili juu ya baibui. Kabla hajakaa akanishika mkono akaniapisha.

"Salhiya, hapana sikio la mwanamme litakalosikia haya. Na zikae mahali pamoja tu. Zisizae."

Nlijua kinachomtisha. Kungwi mmoja wa huko huko shamba alirikodiwa na simu za watu, nyimbo zikavuja, zikatoka kikundi hiki zikaingia kikundi kile, mwisho zikapigwa barazani wanaume wanacheka mpaka wanashika mbavu. Yule mama hakutoka nje mwezi mzima. Kwa hiyo nkaapa. Wallahi, Billahi, Tallahi, hapana sikio la mwanamme, na mahali pamoja tu.

Tukaanza. Siku nzima. Baada ya wimbo wa saba akatoka kwenda kutia udhu, akasali, mimi nkapiga simu kwa shoga yangu Tabia, mazungumzo ya kupoteza muda tu, halafu tukaendelea mpaka wa kumi na nne.

Sasa nkajiuliza nitaziweka wapi. Kompyuta yangu kaka yangu Hasan anaitumia usiku kuangalia mpira, naye ni mwanamme, tena mdadisi. Nkazihamishia kwenye diski ya fidla, nkazifuta kwenye kompyuta, diski nkaifungia kabatini, ufunguo shingoni. Nkaziandika majina ya kuwapoteza watu: Mapishi ya Kwanza, Mapishi ya Pili, mpaka Mapishi ya Kumi na Nne. Nkajiona mjanja kuliko watu wote wa Unguja.

Niseme na hili. Siku ya kurikodi sikuzijali nyimbo zile. Nlikuwa na haraka, joto, na mzee anarudia rudia. Nlizipenda baadaye, wakati wa kuzisafisha, mlango nimefunga, hedifoni masikioni. Ile sauti ikaniingia. Ilikuwa imepasuka kidogo pembeni, na kila neno linatoka kama mtu anayekuandalia mahali pa kukaa. Kuna wimbo wa tisa, wa kumwambia mwari asiogope, nliusikiliza nkalia mpaka nkakosa pumzi. Sijalia hivyo tangu mama afariki.

Miezi sita iliyopita Bi Mwanakheri akapatwa na kiharusi. Upande wa kulia wote ukafa, ulimi pia. Hasemi. Na Jumapili binti yake, Ummkulthum, akanipigia.

"Salhiya, mwanangu Fathiya anaolewa Ijumaa. Alkhamisi alasiri ndiyo ngoma yake. Bibi yake hawezi tena, lakini sauti yake unayo wewe. Tutaipiga, sisi tutaitikia. Mtoto hataki kungwi mwengine, anataka sauti ya bibi yake."

"Usitie shaka," nkamwambia.

Usitie shaka! Nkatoa diski Jumatatu niitayarishe, na yaliyofuata mshayasikia.

Siku ile sikula. Nkapanda ngazi, nkashuka, nkapanda. Nkaenda Darajani kununua waya mpya wa USB, nkarudi, tik, tik, tik. Nkaenda kuazima kompyuta ya jirani, tik, tik, tik. Nkaiandikia kampuni ya Ulaya kwa maneno ambayo mama asingependa kuyasoma. Jioni wakajibu kwa adabu zote: tunasikitika, tutakutumia diski nyengine yenye sauti zetu zote bila ya malipo, ama kazi zako mwenyewe, tafadhali rejea karatasi iliyomo sandukuni.

Nkakumbuka kikaratasi. Nkakitoa chini ya kile kitambaa laini, nkakaa sakafuni, nkasoma. Diski hii ni ya kufikishia programu tu. Usihifadhi humu kazi zako. Fanya nakala ya programu mara uipokeapo. Miaka mitatu kilikuwa kimelala pale kinaningoja.

Jumanne saa mbili nlikuwa mlangoni kwa Wakil, hata hajafungua. Wakil ana duka dogo Mlandege, anatengeneza kompyuta, kasoma chuo huko Tunguu na ni mtu wa taratibu mno. Ana tabia ya kuipangusa miwani yake kwanza, ndipo akusikilize. Nlitamani kumnyang'anya.

"Muna nini ndani, Dada Salhiya?"

"Fidla."

"Fidla tu?"

"Na mapishi."

Akanitazama. "Mapishi?"

"Mapishi. Tena usiyafungue, usiyasikilize, hata kidogo. Uyatoe tu."

"Mapishi yanasikilizwa?"

"Wakil, fanya kazi yako!"

Na kabla hajaigusa, nkazichomoa spika zake mbili mezani, nkazitia mkobani mwangu. Akasema dada, hizo za dukani. Nkamwambia utazipata tukimaliza. Akapangusa miwani.

Akaifungua ile diski kwa bisibisi ndogo. Ganda zuri jeusi likatoka, na ndani yake, lahaula, kidude cha kawaida kabisa, sawasawa na vile vinavyopangwa juu ya meza Darajani pamoja na chaja na redio. Hata stika yake imebandikwa upogo.

"Wenye mali hawakukusudia ikae miaka," akasema. "Wao walitaka ifike tu. Kazi yake ni kufikisha mzigo. Hata wenyewe wanakwambia ukishapokea unakili. Sasa wewe nakala ya pili ya mapishi iko wapi?"

"Hakuna."

"Hakuna? Wewe? Si ndiye uliyekuja hapa kumtukana Borafya kwa sababu alirikodi maulidi akaweka mahali pamoja?"

Kweli nlimtukana. Nlimwita mjinga mbele ya watu. Nkamjibu Wakil kwamba hii ni tofauti, nliapa nisizizalishe, na nkahisi macho yananiwasha. Yeye hakuuliza tena. Ni mtu mwenye heshima zake, ingawa mzito kama jiwe la kusagia.

Akasema niache mpaka kesho. Nkasema siachi. Nkakaa juu ya kigoda chake siku ile nzima na ya pili nzima, nimeukumbatia mkoba, nainuka, nakaa, natazama mstari wa kijani unavyotambaa kwenye kioo. Wateja wakiingia nawajibu mimi, ili wasimpotezee muda. Mzee mmoja alileta simu yake nkamwambia haiponi, nunua nyengine. Wakil akamkimbilia mpaka nje kumrudisha.

Jumatano baada ya alasiri mstari ukafika mwisho. Wakil akavua miwani, safari hii hakuipangusa.

"Fidla zimetoka zote," akasema. "Selo, ganuni, nai, hata moja haikupungua. Hizo ziliandikwa mwanzo, pale pazima. Mapishi yameandikwa pale palipoharibika. Hakuna hata moja."

"Hata la tisa?"

"Hata la tisa, dada. Labda tuipeleke nje, kwa wanaoifungua kwenye chumba kisicho na vumbi. Mwezi, miezi miwili. Lakini wao watasikiliza. Lazima wahakikishe."

"Wanaume?"

"Wengi wao."

Niseme kweli? Nlitaka kumwambia ipeleke. Nlitaka kuvunja kiapo pale pale, kwa sababu sauti iliyosikiwa na wanaume wa nchi za watu bado ni sauti, na hii ilikuwa si kitu tena. Mdomo nliufungua. Kisha nkamuona Bi Mwanakheri amenishika mkono, nkaufunga. Nkamrudishia spika zake, nkampa ahsante, nkatoka na fidla zangu.

Alkhamisi asubuhi nkapanda Vespa yangu mpaka Makunduchi. Njia nzima nkitunga maneno. Kila nlichokitunga kilikuwa cha kujitetea, na kila nkifika kati nnaona haya nnaanza upya. Nyumbani kwao wanawake washajaa uani, wanakuna nazi, wanapepeta mchele, vigelegele mtu akipita tu. Ummkulthum akanipokea kwa furaha, akanitazama mikononi.

"Sauti iko wapi?"

"Nataka kwanza nimuone Bi," nkasema.

Bi Mwanakheri alikuwa kitandani, kaegemezwa mito mitatu, kanga mpya mabegani. Nkapiga magoti. "Shikamoo, Bi." Hawezi kusema marahaba, akainua mkono wa kushoto akauweka juu ya kichwa changu. Basi maneno yangu yote ya Vespa yakayeyuka. Nlilia kama mtoto. Nkamwambia yote: diski, fidla, kikaratasi, Wakil, spika, mapishi. Nkamwambia nlitunza kiapo na nimeipoteza sauti yake, na leo mjukuu wake atachezwa bila yake, na kosa ni langu, si la mashine. Ummkulthum akakaa chini mlangoni, akajishika kichwa.

Bi Mwanakheri akaanza kutikisika. Nkadhani kiharusi kinamrudia. Kumbe anacheka! Upande mmoja wa mdomo umepanda, upande mmoja umetulia, anacheka, anapiga godoro kwa mkono wa kushoto. Kisha akaonesha chini ya mto. Ummkulthum akaingiza mkono akatoa mkoba mweusi, ule ule aliokuja nao Mjini. Ndani simu ya zamani, kioo kimepasuka, na hedifoni zake.

"Hii aliachiwa na kaka yangu aliyekwenda Maskati," Ummkulthum akasema. "Kila siku anaisikiliza. Mie nkidhani Kurani."

Nyuma ya pazia, Fathiya aliyekuwa ndani, kapakwa singo ya manukato mwili mzima, naye akaangua kicheko. "Si Kurani, mama! Bibi alinambia nimfundishe kurikodi, na nsimwambie mtu. Akaenda nayo kwa Dada Salhiya. Akasema hawezi kuliamini sanduku la watu asilolijua."

Akaniapisha mimi zisizae, na mwenyewe akazizalisha mkobani! Nliruka, wallahi nliruka, nkambusu mikono, nkambusu miguu, nkamwita mwizi, nkamwita mwalimu. Ufundi wangu wote ule, na mzee asiyejua kuandika jina lake ndiye aliyekuwa na nakala.

"Tena zimo zote," Fathiya akasema. "Aliibonyeza kabla hajaingia kwako, akaizima alipotoka. Siku nzima hakuigusa."

Nkakaa chini.

Siku nzima. Mkoba ulikuwa juu ya kiti, mbele yangu. Ulikuwepo pia alipotoka kwenda kutia udhu. Na mimi na Tabia kwenye simu, nkayakumbuka maneno yangu moja baada ya moja, kama yamebandikwa ukutani. *Shoga, nimechoka na hiki kizee. Kinabweka tokea asubuhi. Nyimbo zenyewe nani anazitaka siku hizi? Kikifa nacho, watu watapumzika.* Na nlicheka. Nlicheka sana, Tabia naye akacheka.

Mwaka mmoja na nusu alikuwa nayo hiyo simu. Na mwaka mzima, mpaka kiharusi kilipompata, kila mtu wa Makunduchi akija Mjini, analeta kikapu. Muhogo, ndizi, pweza wa kukaushwa. "Bi Mwanakheri kasema apewe mwanangu Salhiya."

"Nipe niisafishe kidogo, Ummkulthum," nkasema. "Ina kelele nyingi hiyo, haifai kupigwa hivi hivi."

Ummkulthum akataka kunipa. Bi Mwanakheri akaikamata kwa mkono wake mzima, akaibana kifuani, akanitazama. Hakuiachia.

Alasiri chumba kikajaa mpaka dirishani. Fathiya kakaa katikati juu ya mkeka, kafunikwa kanga. Simu ikaunganishwa na spika kubwa, lakini yenyewe ikabaki mapajani kwa Bi Mwanakheri, juu ya kiti, na mimi nkawekwa chini, ubavuni mwake. Wimbo wa kwanza ukatoka. Wanawake wakapiga kelele, kisha wakanyamaza, kisha wakaitikia, na wengine wanajifuta macho. Ile sauti. Nliipata tena, na sikuweza kuifurahia. Wa pili. Wa tatu. Nlikuwa nahesabu. Nlifikiri kutoka, nlifikiri kusema naumwa, nlifikiri kuvuta waya wa umeme. Kulikuwa na majirani humo, kulikuwa na shangazi zangu, kulikuwa na Fathiya. Wa tano. Wa sita. Nkamtazama Bi, yeye anatazama mjukuu wake, kidole gumba kimelala juu ya kioo.

Wa saba ukamalizika. Vigelegele. Kisha kwenye spika, sauti yake mwenyewe, ya kuzungumza: "Nnakwenda kutia udhu, mwanangu, nngoje." Wanawake wakacheka kwa mapenzi. Kandambili zikasikika, mlango ukalia. Kisha mimi: "Aloo, Tabia? Shoga..."

Kidole gumba kikabonyeza. Kimya.

Hakutafuta, hakutazama chini. Alipajua mahali penyewe kama anavyoijua njia ya kisimani. Nkafahamu basi amepita hapo mara ngapi, kitandani, peke yake, siku baada ya siku.

"Imekatika?" mtu akauliza nyuma.

Nkainua uso. Nlitaka kusema nisamehe. Bi Mwanakheri akanitazama. Kisha mkono wa kushoto ukashuka polepole, ukaingia chini ya kanga yangu, ukashika paja kwa vidole viwili, ukafinya. Akazungusha. Nguvu alizokuwa nazo Mungu anajua alizitoa wapi. Machozi yakanitoka, na sauti sikutoa.

Akaniachia. Akaichukua simu mapajani mwake, akanipa mkononi, nimtafutie wimbo wa nane.